Kitabu Kimoja, Msomaji Mmoja

9 Oktoba

Daftari hili nimeliokota kwenye boksi la vitu vya kutupwa pale maktaba. Ni rejista ya vitabu vipya: namba, mwandishi, jina la kitabu, tarehe ya kupokelewa. Kurasa za mwanzo zimejaa mwandiko wangu, halafu ghafla hakuna kitu, kwa sababu mwaka ule tulianza kupata vitabu vya simu, vile vinavyosomwa kwenye skrini, na hivyo hapokei mtu. Haviji na boksi wala havina vumbi. Leo havipo kwenye orodha, kesho vipo. Kurasa zilizobaki nimeamua ziwe zangu. Nitaandika Kiswahili, maana Mama husoma Kisomali kwa shida na Kiswahili hakisomi kabisa, na katika nyumba yetu kila kilichofichwa Mama hukikuta.

Mvua za Deyr, zile za vuli, bado. Watu wa hali ya hewa wamesema wiki mbili. Mama ameangalia mawingu kutoka mlangoni, akasema zaidi ya hapo. Mimi niko upande wa Mama.

11 Oktoba

Simu kutoka Hadado. Mfugaji mmoja, Ogle, alipokuja Garissa kuuza mbuzi mwezi uliopita nilimwandikia kadi, nikamwazima kitabu cha magonjwa ya mbuzi kwenye simu yake. Leo kapiga namba ya ofisi, na kwa kuwa ni ofisi akaona lazima aongee Kiswahili, ingawa anajua fika kwamba mimi ni Ramlo binti Abdow.

"Hii ni obisi ya kitabu? Kitabu yangu imebotea. Jana nasoma mbaka mahali ya kuhara, leo asubuhi hakuna. Nani amechukua?"

Nikamweleza kwa Kisomali kwamba siku zake kumi na nne zimekwisha, kitabu kimejirudisha chenyewe. Kisha akahamia Kisomali naye, akaniuliza ni nani aliyefika kwake kunywa chai na kumwambia kwamba siku zimekwisha. Kwao mtu akitaka ngamia wake aliyekuazima ukamue, anakuja, anakaa, anakupa khabari, na hamchukui kama bado kuna mtoto anayenywa yale maziwa. Mbuzi wake bado wanahara, akasema, na kitabu kimetoka usiku kama mwizi.

Kosa ni langu. Mimi ndiye ninayewaeleza watu hivyo. Kila mtu anayekuja kuuliza vitabu vya simu ni nini, namwambia ni irmaansi: yule ngamia mwenye maziwa anayeazimwa familia iliyokaukiwa. Unakamua, unakunywa, lakini si wako. Humuuzi, humgawi, na akirudi anarudi na ndama wake. Yuko kwa nyumba moja tu kwa wakati mmoja. Watu wanaelewa hapo hapo. Maktaba nayo imeazimwa na wachapishaji, nasi twawaazima ninyi: leseni moja, msomaji mmoja. Ogle alinielewa kuliko nilivyojielewa.

Nimemrudishia kitabu chake. Hakukuwa na mwingine anayekitaka.

12 Oktoba

Joto. Umeme umekatika mara nne.

15 Oktoba

Vitabu kumi na kimoja vimetoweka kwa mpigo. Leseni zake zilikuwa za miaka miwili na miwili imekwisha. Vingi ni vya watoto, vile vilivyosomwa mpaka nikavijua kwa moyo. Kitabu cha karatasi kikizeeka kinachanika mbele ya macho yako, unakigundisha, kinakufa polepole. Hivi havikuacha hata nafasi kwenye rafu.

Bi Muslimo, mkuu wetu, alisimama nyuma ya kiti changu akaitazama orodha. Ni mwanamke asiyepoteza neno. Akasema sasa tuchapishe vya kwetu, maana kilicho chetu hakuna wa kuja kukidai. Kisha akaniambia, "Mama yako anaimba."

Ni kweli. Amino wa nyimbo za kisimani, wazee wote wa mji huu wanamjua. Lakini sauti yake inakwisha. Tangu mwaka jana inakwaruza, na daktari amesema haitarudi ilivyokuwa. Kama ni kumrekodi, ni sasa.

18 Oktoba

Mama amekubali, kwa masharti. Asipigwe picha. Asirekodiwe kabla ya kunywa chai. Nyimbo zisipangwe na mimi, kwa sababu mimi nilikuwa shuleni ngamia walipokuwa wakinyweshwa na sijui upi unaimbwa wa kwanza.

Hilo la shule hunichoma kila akilisema. Anajua.

21 Oktoba

Nyimbo sita. Naandika Kisomali upande mmoja na Kiswahili upande wa pili. Mama anaimba huku mkono wake ukivuta kamba ambayo haipo.

24 Oktoba

Leo tumefika wimbo wa saba, na ndipo tulipokwama.

Ni ule wa kunywesha ngamia wa mwisho, jua likishakuwa kali na mikono ya wavutaji imechoka. Mama aliimba beti tatu vizuri, akanyamaza, akahesabu kwa vidole muda wa mistari minne, kisha akaendelea na ubeti wa mwisho. Nikasimamisha simu. Nikamwambia ameruka.

"Sikuruka. Hiyo minne si yangu."

Nikasema lakini anaijua. Akasema anaijua kama anavyoijua njia ya nyumba ya jirani, haimaanishi aingie bila hodi. Marehemu Baba aliitunga kisimani na kumpa mdogo wangu Hinda alipokuwa na miaka kumi, kwa sababu Hinda ndiye aliyekaa naye mpaka ngamia wa mwisho. Mimi nilikuwa bweni. Mama hajatamka jina la mdogo wangu kwa miaka minane, na hata leo hakulitamka. Alisema "yule aliyepewa".

Lazima niandike yaliyotokea, hata kama najiandikia mwenyewe. Ukame ule mkubwa ulipotumaliza, binamu yake Mama, Guled, alituazima ngamia jike mwenye maziwa. Irmaansi, kama ninavyowafundisha watu. Mwaka huo huo Baba akaugua, nikampeleka Nairobi, na madaktari wakataka pesa ili wampasue upesi. Hinda alibaki Garissa na Mama. Siku ya tatu Hinda akamtoa yule ngamia bomani kabla Mama hajarudi kutoka msibani, akampeleka soko la mifugo, akamuuza. Alimuuza mnyama wa kuazimwa. Sijui kama mtu wa mahali pengine anaweza kuelewa aibu hiyo. Baba alipasuliwa, na baada ya siku tisa alifariki. Ukoo wetu ulimlipa Guled ngamia mwingine na Guled akasema yameisha. Lakini Mama alikuwa amesimama mbele ya wazee akajibu kwa ajili ya nyumba yake, na alipomaliza alimgeukia Hinda akamwambia, "Umeuza ngamia wa watu ukaniletea kaburi. Toka, mpaka nitakapokuita."

Hinda alikwenda Rhamu, huko Mandera, kwa jamaa wenye mashamba ya vitunguu kando ya mto Daua, na akaolewa huko. Mwanzoni nilikuwa nampigia. Kisha siku moja akaniambia, "Abaayo, dada yangu, usinipigie tena kunibembeleza. Hooyo ndiye aliyenifukuza. Hooyo akipiga, nitakuja." Akabadilisha namba.

Namtamani mdogo wangu. Nimeandika na sitafuta.

27 Oktoba

Bi Muslimo anasema tuache wimbo wa saba. Mama anasema wimbo wa saba ukiachwa, zote ziachwe. Nimeketi katikati ya wanawake wawili wasiosogea.

28 Oktoba

Nimepata njia. Kwenye ukurasa wa wimbo wa saba nimeacha nafasi tupu ya mistari minne, na chini yake nimeandika: Hapa pana mistari minne isiyo yetu. Aliye nayo, maktaba inaomba kuazimwa. Kwenye sauti vilevile nimeuacha ule ukimya wa Mama kama ulivyo, sekunde kumi na tisa.

Nilimsomea Mama maneno hayo. Aliendelea kuchambua mchele. Baada ya muda akasema "kuazimwa" ni neno zuri.

2 Novemba

Mvua! Ya kwanza. Mji wote umetoka nje kulowa, hata Mwalimu Korane, mstaafu wetu anayekuja maktaba kila siku kulalamika, amesimama kwenye maegesho na kofia mkononi.

6 Novemba

Kitabu kimetoka. Tulikisahihisha mara tatu, tukapata namba yake rasmi, tukakipandisha kwenye mfumo. Nilijaza fomu mwenyewe: jina, mwandishi Amino, mchapishaji ni sisi, wasomaji kwa wakati mmoja, muda wa kuazima, simu ya maktaba kwa maoni. Redio ya hapa imekitangaza mchana, wakaucheza wimbo wa kwanza. Mama aliusikiliza jikoni akisema redio imemfanya azeeke. Lakini alitabasamu.

8 Novemba

Asubuhi kilikuwa kimeshaazimwa. Msomaji wa kwanza.

Sheria yetu haina kona: anachosoma mtu ni siri yake, na mfanyakazi hafungui jina la msomaji bila sababu ya kazi. Mimi ndiye niliyeibandika ukutani. Leo nimefungua ule ukurasa. Nikaweka kiganja juu ya skrini, upande wa jina, nikaangalia upande wa pili tu, palipoandikwa kadi ilitolewa wapi. Mandera.

Mandera ni kubwa. Kuna Elwak, kuna Takaba, kuna walimu na askari na wanafunzi. Nilijiambia hayo yote huku kiganja changu kikiwa bado juu ya skrini. Kisha nikafunga, bila kuona jina, nikaenda kunawa uso.

10 Novemba

Mvua usiku kucha. Mto umepanda. Watu wa Madogo, ng'ambo ya mto, wameanza kuhamisha vitu.

13 Novemba

Mwalimu Korane amenijia na simu yake mbele kama mtu anayeonyesha kitambulisho. Anataka kusoma kitabu cha Amino na anaambiwa yeye ni wa tisa kwenye foleni. "Ramlo, hiki ni kitabu chetu au cha Wazungu? Kama tumekichapisha wenyewe, foleni ya nini?"

Nikaenda kuangalia fomu. Pale kwenye wasomaji kwa wakati mmoja nimeandika: mmoja.

Hakuna aliyenilazimisha. Kitabu ni chetu, tungeweza kukigawa kwa elfu kwa mpigo, hakipungui. Ila nimewaambia watu habari ya ngamia mpaka ngamia akaniingia kichwani, na mkono wangu uliandika "mmoja" kama vile hakuna namna nyingine ya kuazima kitu. Nilicheka peke yangu pale mezani. Ni kurekebisha neno moja tu.

Sikulirekebisha.

Nitasema kwa nini. Kikiwa kimoja, najua kiko wapi. Kila asubuhi nafungua orodha naona "kimeazimwa", na najua kwamba huko Mandera mtu mmoja anacho, anaisikiliza sauti ya Mama, anafika kwenye ule ukimya. Nikikifungua kwa wote, huyo mtu atapotea kwenye umati. Nimemwambia Mwalimu Korane kwamba mfumo una shida. Nimemdanganya mzee aliyenifundisha hesabu.

16 Novemba

Mama naye ametaka kukisikiliza kitabu chake. Salma wa jirani akamwombea kwa simu yake. Mama ni wa kumi na saba kwenye foleni ya kitabu chake mwenyewe.

Nilidhani atakasirika. Aliuliza tu ni nani anacho. Nikasema hatuangalii majina. Akauliza yuko wapi, nikasema kadi ni ya Mandera.

"Mandera ni kubwa," akasema.

17 Novemba

Umeme hakuna. Barabara ya Madogo imekatika, maji yamefika magotini.

22 Novemba

Siku kumi na nne zimetimia leo, na asubuhi nimekuta ombi kutoka kwa msomaji wa kwanza: aongezewe muda. Sheria inasema kama kuna wengine wanaongoja, hakuna kuongeza. Wanangoja ishirini na sita.

Nilikwenda nyumbani mchana kula, nikamweleza Mama kama mtu anayesimulia jambo la kazini, bila uzito. Mama akaniuliza kama aliye nacho ameeleza sababu. Nikasema kuna kisanduku cha sababu, ameandika neno moja, "Mtoto".

Mama aliacha kula. Akanywa maji. Kisha akasema mnyama wa maziwa hachukuliwi kama bado kuna mtoto anayekunywa, na kwamba mimi nikiwa binti yake ninapaswa kulijua hilo bila kuambiwa.

Nimerudi ofisini nimebonyeza kubali. Siku kumi na nne nyingine, mbele ya watu ishirini na sita.

25 Novemba

Barabara ya Wajir nayo, magari hayapiti. Nyanya hazipatikani.

29 Novemba

Bi Muslimo amejua. Mwalimu Korane alimwendea moja kwa moja, na Bi Muslimo akafungua mfumo mbele yangu, akaona lile neno "mmoja", akaona na kile nilichokikubali tarehe ishirini na mbili. Hakupandisha sauti. Aliniuliza kama nilikosea au nilikusudia. Nikasema nilikosea, kisha nikakusudia.

Akafunga mlango. Nikamweleza yote, Hinda, ngamia, mistari minne. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniambia maneno ambayo nitayaandika kama yalivyo, kwa kuwa nayastahili:

"Ramlo, watu thelathini na mmoja walitaka kumsikia mama yako, na wewe ulimfungia ndani ili umvizie mmoja. Kama unamtaka dada yako, usimtafute kwa kitabu cha watu."

Nilibadilisha lile neno mbele yake. Kwa muda wa kuvuta pumzi foleni yote iliyeyuka. Kufikia saa kumi walikuwa wamekichukua wote thelathini na mmoja, na msomaji wa Mandera akawa mmoja kati ya wengi tu. Simwoni tena.

Mama amepata kitabu chake. Alikisikiliza jioni kwa simu ya Salma, ameiegemeza kwenye birika. Ulipofika wimbo wa saba na ule ukimya, aliinamisha kichwa na midomo yake ikaanza kwenda bila sauti. Mistari yote minne, mmoja baada ya mwingine, bila kusita popote. Mimi nilikuwa nimekaa upande wa pili wa jiko nikimwangalia. Sikuweza kusoma maneno, ila niliona kwamba hakuyumba hata mara moja.

30 Novemba

Leo nimesema.

Bi Muslimo hakujua nusu ya pili ya habari, kwa sababu sijapata kumwambia mtu yeyote. Wakati Baba yuko Nairobi, mimi ndiye niliyempigia Hinda. Nilisimama kwenye korido ya hospitali, daktari amenipa saa ishirini na nne za kuleta pesa, nikamwambia mdogo wangu, "Uza chochote. Uza hata yule ngamia, nitamweleza Hooyo mwenyewe." Alikataa mara mbili. Akanikumbusha ni wa Guled. Mara ya tatu nilimwambia Baba akifa itakuwa juu yake. Hapo ndipo alipofungua boma. Na siku ambayo Mama alimfukuza mbele ya watu nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwao, nimevaa nguo za msiba, nikanyamaza. Hinda alinitazama mara moja akaona sitasema, na yeye pia hakusema. Ameibeba aibu hiyo miaka minane ili mimi nibaki na Mama.

Nimekuwa nikiandika hapa kana kwamba Mama ni mgumu, kana kwamba Hinda ana kiburi. Ni rahisi sana kuwa mtu wa katikati, kila mtu anakuhurumia.

Nilimkuta Mama anakunja nguo baada ya swala ya adhuhuri. Nilikaa chini, nikasema, "Hooyo, ngamia wa Guled nilimuuza mimi. Mkono ulikuwa wa Hinda, lakini neno lilikuwa langu." Nikamsimulia, korido, saa ishirini na nne, mara ya tatu.

Aliendelea kukunja mpaka nguo zikaisha. Kisha akauliza, "Umekula kwenye sahani yangu na jambo hili kwa miaka mingapi?"

"Minane."

Akainuka akaingia chumbani kwake.

1 Desemba

Mama haongei nami. Chai yangu imewekwa mezani, imefunikwa.

2 Desemba

Vilevile. Mvua ndogo.

3 Desemba

Vilevile. Nimempelekea Mwalimu Korane ukweli, kwamba mfumo haukuwa na shida. Akasema alijua tangu mwanzo, mimi tangu darasa la tano nikidanganya huangalia viatu.

5 Desemba

Nilikuwa naandaa orodha ya leseni zinazokwisha mwezi ujao Bi Muslimo alipotoka chumbani kwake na simu ya ofisi mkononi. Ile ambayo namba yake iko kwenye ukurasa wa mwisho wa kitabu. Akasema umeingia ujumbe wa sauti, wa yule msomaji wa Mandera, ameusikiliza maneno ya mwanzo tu akausimamisha. "Hii si ya kusikilizwa hapa. Nenda nyumbani nayo."

Nilitembea kwenye matope bila kuubonyeza, nao ulikuwa mkononi mwangu njia nzima. Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka. Nikaiweka simu mbele yake, nikasema ni ya maktaba, imetoka Mandera. Hakunijibu, lakini alijisogeza.

Sauti ilianza bila salamu, kama mtu aliyejizoesha. "Maktaba. Narudisha kitabu kabla ya siku yake. Mliomba kuazimwa mistari minne. Hii hapa, nanyi mkimaliza mnirudishie, kwa sababu nilipewa." Imekuwa nzito, sauti ya Hinda, ya mwanamke mtu mzima. Kisha akaimba, na ndiyo mara yangu ya kwanza kuisikia, mimi niliyekuwa bweni:

Kunywa taratibu, kisima hakikimbii,
kamba ni ndefu na mikono ipo.
Aliyetangulia asiondoke,
wa mwisho bado yuko njiani.

Baada ya hapo kuku walisikika, halafu sauti ya mtoto mdogo sana karibu kabisa na simu: "Hooyo, unamwimbia nani?" Ujumbe ukaishia hapo.

Mama aliashiria kwa kidole urudiwe. Nikaurudia. Akaashiria tena. Mara ya tatu mkono wake ulikuwa unavuta kamba. Mtoto alipouliza swali lake, Mama alifunga macho.

Akaniuliza kama namba hiyo ndiyo yake. Ni maneno ya kwanza kuniambia kwa siku tano. Nikasema ndiyo. Akasema, "Ipige, unipe."

Iliita mara mbili. Nilisikia Hinda akisema haloo, haloo, ni maktaba? Mama aliishika simu kwa mikono miwili. Kisha akasema, kwa ile sauti iliyokwaruza ambayo Hinda hajaisikia kwa miaka minane ila ndani ya kitabu:

"Mstari wa tatu umeukosea."

Akaihamishia simu kwenye sikio la pili.

"Umeukosea, na jambo hilo halirekebishiki kwa simu. Njoo. Na huyo mtoto umlete, asije akaushika hivyo hivyo."

Akanipa simu. Hinda alikuwa analia, nami nikawa nalia, na katikati ya kilio akaniuliza kwa mashaka ya kweli ni wapi alipokosea, kwani yeye ameuimba kama Baba alivyompa, neno kwa neno. Nikamtazama Mama, aliyekuwa ameshainuka kwenda kuweka maji ya chai, na nikakumbuka midomo yake ile jioni kwenye mstari wa tatu, haikuyumba.

"Sijui, abaayo," nikamwambia. "Mimi nilikuwa shuleni. Njoo umuulize yeye."

8 Desemba

Basi la Rhamu limelala Elwak, kuna maji barabarani. Mama amefua mashuka yote ya nyumba. Amenituma nikamwambie Guled kwamba kuna mgeni, naye Guled amesema atakuja na maziwa.

10 Desemba

Jua kali. Wamepita Wajir asubuhi, simu imekatika baada ya hapo.

Nimefungua kurasa za mbele za rejista hii, pale mwandiko wangu ulipoishia mwaka ule, nikaongeza mstari mmoja kwa wino. Namba: moja. Mwandishi: Amino, pamoja na Hinda Abdow. Jina: Nyimbo za Kisimani, chapa ya pili, wimbo wa saba umekamilika. Tarehe ya kupokelewa nimeiacha wazi. Mama yuko mlangoni tangu adhuhuri.